Nani Atanitukana Sasa, Kabeya?

Kabeya, mtu mbaya wee,

Tangu ufe, hapa Likasi hakuna hata mtu mmoja anayenitukana. Napita sokoni, watu wananiambia "Jambo, Kocha," basi. Wengine hawasemi kitu, wanageuza uso. Jumatatu saa ile inafika, nawasha redio pale barazani, wanapiga nyimbo tu. Nyimbo! Saa yetu, Kabeya. Saa ambayo watu walikuwa wanaacha bukari ipoe mezani ili wasikie wewe, kocha wa Siafu ya mtaa wa Panda, utanisema nini mimi Mwansa, kocha wa Nyundo ya mtaa wa Kikula.

Ninakuandikia kwa Kiswahili cha shule, kile ulichokuwa unakicheka. "Mwansa, weye unasemaka kama askofu ya Tanzania." Acha nikuandikie hivyo hivyo. Nimefundisha darasa la pili miaka mingi, chaki haijanitoka mkononi. Na leo huwezi kunikatiza. Ni mara ya kwanza tangu nikufahamu ninamaliza sentensi mbele yako, na sina raha nayo hata kidogo.

Nyumba ni kimya. Odile yuko Kolwezi kwa binti yetu, anamlea mjukuu, amesema atarudi mtoto akianza kutembea. Napika mwenyewe, nakula mwenyewe, naongea na sufuria. Zamani nilikuwa nikipika huku nafikiria nitakujibu nini redioni, na kila jibu zuri lilikuja wakati mkono uko kwenye unga. Sasa nina majibu mazuri sana na hakuna swali.

Watoto wataniuliza siku moja huyo Kabeya alikuwa nani. Sitaanza na vikombe. Vikombe hata mjinga anapata, wewe mwenyewe ulikuwa navyo. Nitaanza na Kamatanda.

Unaikumbuka ile asubuhi? Wachezaji wetu hawakuja mazoezini, si wako si wangu. Bei ya madini ilikuwa imepanda na kila kijana mwenye mikono alikuwa amekwenda kuchimba. Kocha wa kawaida anakaa na kulalamika. Mimi nilikaa nikalalamika. Wewe ulichukua ile megafoni yako iliyofungwa na kipande cha mpira wa baiskeli, ukapanda pikipiki mpaka Kamatanda, ukasimama juu ya lundo la udongo katikati ya mashimo, ukaanza kuita majina. "Trésor! Toka uko! Mama yako alikuzala na miguu, hakukuzala na makucha!" Vichwa vikaanza kutoka ardhini, vyekundu kwa vumbi, kimoja huku, kingine kule. Wakubwa wa mashimo wakaja kukupiga. Ukawageuzia megafoni, ukawauliza ni nani kati yao ana mtoto anayejua kupiga penalti kwa mguu wa kushoto, ajitokeze sasa hivi. Wakacheka, bwana! Waliotaka kukupiga wakakusindikiza mpaka barabarani. Na ulipoona wawili wa kwangu nao wametoka shimoni, wakidhani wameitwa, ukawapakia nyuma ya pikipiki ukaniletea mpaka uwanjani kwetu Kikula, ukasema mbele ya watu wote: "Shika batoto yako, Mwansa. Minye sipendi kupiga timu yenye haina bantu."

Nilikasirika wiki nzima. Na wiki nzima hiyo nilitamani kuwa wewe.

Hukuwa na breki mdomoni. Ulimwambia rais wa timu yako, mbele ya wafuasi, kwamba jezi alizonunua zimefuliwa mara moja tu na sasa zinawatosha binti zake. Ulimwambia padri, umesimama nyuma kabisa ya kanisa, afupishe mahubiri kwa sababu Mungu mwenyewe anajua mechi ni saa ngapi. Na ile siku vijana walipoanza kuchimba madini ndani ya uwanja, kwenye korneri, na wakubwa wote wakaziba macho! Sisi makocha wengine tulinong'ona. Wewe ulikwenda redioni ukasema: "Leo shimo iko ku korneri. Kesho tutatafuta arbitre na filimbi yake, tutasikia amesha toka kule ku mugodi ya Shinkolobwe." Mji ulicheka hadi ukakohoa. Walikuita ofisini wakakufokea. Ukatoka ofisini, ukaenda moja kwa moja redioni, ukarudia yote, safari hii na majina. Shimo likazibwa. Hakuna aliyesema asante, hata mimi, na korneri ile ndiyo tuliyofungia bao mwaka ule.

Mimi ulinipa kofia. Yaani ulinipa matusi ya kofia, maana kofia yenyewe alinifumia Odile, ile ya sufu nyekundu na nyeusi, Nyundo ilipopanda daraja. Sikuwahi kuivua uwanjani, jua liwake, mvua inyeshe. Wafuasi wenu walisema ndani kuna dawa. Wewe ulijua ndani kuna upara. Lakini kila derbi, kabla ya filimbi, ulisimama mbele ya benchi lako, ukanigeukia kule ng'ambo, megafoni mdomoni: "Mwansa! Vua kofia, tuone kama ndani iko muntu!" Na upande wote wa Siafu ukaitikia: "Vua kofia! Vua!" Mimi naikaza mpaka masikioni, nakunja mikono, nakunyamazia. Refa anacheka na filimbi mdomoni.

Watu wa nje hawawezi kuelewa kwa nini wazee wawili walijipa kazi ya namna ile. Wa umri wetu wanaelewa. Tulikuwa vijana mji huu ulipogawanyika, jirani akamwambia jirani rudi kwenu, na ninyi wenye asili ya Kasai mkalala kwenye gare na masufuria yenu mkingoja treni. Kwenu wapi? Wewe kwenu ni Panda. Ulizaliwa Panda. Wakakupeleka mahali ambapo hukuwahi kufika, nawe ukarudi umekonda, ukaanza tena kufundisha mpira kana kwamba ulikwenda sokoni tu. Derbi ya kwanza baada ya hapo, uwanja ulikuwa kimya. Kila mtu alikuwa na jiwe mfukoni, mimi niliwaona wakiyaokota njiani. Ndipo ulipochukua megafoni ukanitukana kofia. Hukutukana kabila wala baba wala mama. Kofia tu! Watu wakanitazama waone nitafanya nini, wakaona naikaza mpaka masikioni, na mmoja akaanza kucheka. Mawe yakabaki mifukoni. Nilijua umefanya nini siku ile, Kabeya. Sikukuambia kamwe kwamba nilijua. Nakuambia sasa.

Halafu likaja lile la kilio cha baba yangu.

Ulikuja mpaka kijijini, karibu na Kapolowe, na shati jeupe la kwenda misa. Hukujua desturi yetu. Kwetu, mtani wa ukoo ndiye mwenye kazi kwenye kilio. Anachimba kaburi, anavaa nguo za marehemu, anaiga mwendo wake, anamtukana mbele ya wafiwa mpaka wacheke na machozi yakiwa bado usoni. Mtani asipokuja, kilio kinakuwa kizito, watu hawapumui. Wewe ulifika ukakuta mtu amevaa koti la baba yangu, anachechemea kama baba yangu, anatangaza kwamba maiti huyu alikuwa mwizi wa kuku. Ukamrukia! Mnene kama ulivyokuwa, ukamrukia. Mkaanguka kwenye mihogo, shati la misa likapasuka toka kola mpaka mgongoni, na wakati watu wanakushika ulikuwa unalia na kupiga kelele: "Anatukana baba ya rafiki yangu!"

Ndiyo mara ya kwanza nilisikia ukiniita rafiki. Redioni hukuwahi.

Tulipokueleza, ulikaa chini pale pale kwenye nyasi ukacheka ukishika tumbo, na yule mtani uliyempiga akacheka nawe. Kisha ukanyamaza. Wewe, ukanyamaza! Ukaniambia: "Kwetu haiko vile. Kwetu tunalia tu, tunalia mpaka tunachoka. Mwansa, weye njo mutani yangu. Nikikufa, unitukane. Usiache bantu balie bure." Nikakuahidi. Ukaniahidi na wewe, kama ni mimi nitatangulia. Tulipeana mikono, yangu ina udongo wa kaburi la baba.

Ukatangulia wewe. Sasa haraka ilikuwa ya nini? Moyo, walisema madaktari. Moyo gani? Ule ule uliokuwa ukipiga kelele kuliko uwanja mzima?

Nataka nikueleze yaliyotokea kwenye kilio chako, maana hukuona. Ulikuwa umelala umevaa kravati shingoni. Wewe na kravati, mawee! Nilifika mchana. Viti vya plastiki vimejaa mpaka barabarani, kwaya ya parokia inaimba, mkeo Mama Berna yuko ndani, ameketi chini na wanawake wenzake. Huku nje, chini ya turubai, kila mtu kichwa chini. Kilio kilikuwa kizito, Kabeya, kwa ule uzito uliokuwa unaukataa. Na pembeni ya jeneza waliweka kiti chako cha benchi, juu yake lile koti la kijani la mvua, lenye mfuko uliochanika.

Nikavuta pumzi. Nikachukua koti, nikalivaa. Nikatembea mwendo wako, kifua mbele, magoti nje, kama bata aliyeshiba. Nikasema kwa sauti yote: "Kabeya, mwongo mkubwa! Nyundo imekupiga mpaka umeona haya, umejificha ndani ya sanduku! Toka humo, derbi bado! Na hiyo kravati umeazima kwa nani?"

Wazee wachache wa upande wetu wakaanza kucheka. Nilifikiri imefaulu. Nilikuwa bado na mengi ya kusema, nilikuwa nimeyapanga njia nzima toka Kikula. Ndipo nikahisi mkono kwenye kola.

Trésor. Kapteni wako mwenyewe, yule uliyemtoa shimoni. Na nyuma yake timu nzima, vijana waliokuja na treni kutoka Kasai miaka hii, wasiojua utani wetu kama wewe ulivyokuwa huujui. Lakini hawakusikia matusi tu. Waliona koti. Kocha wa Nyundo, mwenye kofia ya dawa, anavaa koti la kocha wao hata hajazikwa, na derbi iko karibu. Kwao mimi nilikuwa nimekuja kuchukua nguvu yako. "Anabeba nguvu ya Papa! Anabeba nguvu!" Walinivua koti kwa vurugu, mfuko ule ukamalizika kuchanika. Hawakunipiga. Trésor alikuwa analia, ananiambia: "Papa Mwansa, na wewe? Na wewe kweli?" Wakanisukuma mpaka barabarani, wakafunga geti.

Nilijaribu kueleza, lakini unamweleza nani? Kwaya inaimba, wanawake wanapiga mayowe, vijana wamepanga mstari. Nilisimama ng'ambo ya barabara mpaka gari likatoka na wewe. Nikaanza kufuata kwa miguu, wakanirudisha. Kwa hiyo sikukuona ukishuka ardhini. Ahadi yangu ilikatika katikati, na sikukuzika.

Ningesema sikuwa na hasira na Trésor, lakini huo ni uongo. Nilikuwa nayo, tena nyingi. Kisha nikakumbuka wewe ndani ya mihogo, shati limepasuka, nikakosa hata mtu wa kumkasirikia.

Ngoja nikuambie kilichoniuma kuliko yote. Si watu wa Panda, hao walinichukia, sawa. Ni watu wangu wa Kikula. Walinipongeza! Kesho yake mama anayeuza nyanya alinipa fungu la bure akaninong'oneza: "Kocha, umefanya muzuri. Umebeba yake. Mwaka huu kombe iko yetu." Mwingine aliniletea kuku. Watu wazima, wenye rozari shingoni, wakawa wananyoosha mkono waguse kofia yangu kwa siri ninapopita. Nilimfukuza mwenye kuku na kuku wake. Wakasema ona, amekuwa mkali kama Kabeya, nguvu imeingia.

Basi Panda mimi ni mchawi mbaya na Kikula mimi ni mchawi mzuri. Hakuna mahali popote katika mji huu nilipokuwa mtu aliyefiwa. Mtangazaji wetu wa redio alikuja nyumbani akakuna kichwa, akasema Papa, tuache kwanza, watu watatuvunjia vioo. Mama wa munkoyo, kile kinywaji chetu cha mahindi, pale kwenye kona yetu tulipokuwa tunakwenda baada ya kila derbi, ananiwekea kopo moja na kuondoka haraka. Nakunywa nikitazama mijakaranda. Imetoa maua yote, njia nzima imekuwa ya zambarau, na hakuna mtu wa kuniambia kwamba nimekaa kama mjane.

Mwishowe nilikuja kwako makaburini. Nilichagua mchana wa jua kali, saa ambayo watu hawapiti. Kukupata hakukuwa kazi. Waliokuchimbia ni wachezaji wako, na wamechimba kama wanavyochimba Kamatanda, kwa kufuata ardhi inakotaka. Wenzako wote wamelala kwenye mstari, wewe peke yako umetokeza mbele. Nilisimama nikatazama. Nikapaza sauti: "Kabeya! Hata huku uko ofsaidi!"

Basi nikaanza. Nilikutukana yote niliyokuwa nimeyapanga siku ya kilio na mengine zaidi. Nilitukana mwendo wako, kravati yako, kuimba kwako kanisani, ile megafoni yenye harufu ya samaki kavu. Nilitukana ile penalti uliyoikataa redioni miezi na miezi mpaka watoto wa shule wakaijua kuliko sala. Nilikuita mwizi wa wachezaji, mnywa munkoyo wa wenzake, mtu aliyeahidi atanitukana nikifa halafu akatoroka kazi. Sauti ikanikauka. Nikakaa kwenye udongo nikalia kama nilivyomlilia baba, na zaidi.

Nikasikia mtu anacheka nyuma yangu. Mama Berna, na ndoo ya maji mkononi.

Alikuwa amesikia yote. Alicheka ameziba mdomo kwa kitambaa cha kilio, halafu akalia, halafu akacheka tena aliposema "ofsaidi". Akaniambia kwamba tangu siku ile ilikuwa mara ya kwanza tumbo lake linacheka. Akanikumbusha lile shati. Wewe ulirudi nyumbani na shati limekuwa matambara, akakuuliza nani amekufanyia hivyo, ukamjibu: "Berna, nilipiga muntu bure. Lakini sasa niko na mutani." Hukumweleza zaidi, na yeye alidhani umelewa. Siku ya kilio alikuwa ndani, alisikia kelele tu, akaambiwa Mwansa amekuja kuiba koti. Akaniuliza kwa nini sikwenda kwake mapema kumweleza. Nikamwambia kiburi, Mama, na woga. Akasema hata marehemu alikuwa anasema hivyo hivyo juu yangu.

Hakuniahidi chochote. Alinipa ndoo nibebe, tukamwagilia maua yake, tukarudi kila mtu na njia yake.

Jumapili iliyopita ikawa derbi.

Nilitaka kukaa nyumbani. Wachezaji wangu walikuja kunichukua. Nilipotokea uwanjani, upande wa Siafu ulikaa kimya wote. Ni kimya kile kile cha zamani, kile cha mawe mfukoni, nilikitambua. Hawakunitazama uso, waliitazama kofia. Mmoja akasema "muchawi", si kwa sauti kubwa, lakini ilisikika. Upande wangu nao wakasimama wamjibu. Na kwenye benchi lenu kulikuwa na kiti chako kitupu, koti la kijani juu yake, mfuko umeshonwa. Nilifikiri: leo ndiyo leo, leo watu wataumizana kwa ajili yangu, na yule aliyejua kuwazuia amelala ofsaidi.

Ndipo Mama Berna akatoka kwenye umati, na nguo zake nyeusi. Akasimama mbele ya benchi, mahali pako, akainua megafoni yako. Unajua mkeo hajawahi kusema mbele ya watu hata kusoma somo kanisani. Megafoni ikapiga mluzi, akaishusha, akaipandisha tena. Sauti ikatoka nyembamba, inatetemeka:

"Mwansa! Vua kofia... tuone kama ndani iko muntu!"

Hakuna aliyeitikia. Uwanja mzima ulinigeukia. Trésor alikuwa katikati ya uwanja, mguu juu ya mpira, ananitazama kama siku ile ya geti.

Nikaivua, Kabeya. Miaka yote ulinililia niivue, nikakunyima. Nikaivua mbele ya Likasi nzima, upara wangu juani. Nikaigeuza ndani nje, nikaikung'uta ili wote waone. Haikudondoka kitu. Sufu tu, na jasho la mzee. Na chini yake alikuwamo mtu, analia waziwazi, hana hata kitambaa.

Wa kwanza kucheka alikuwa mwanamke mmoja wa upande wenu, sijui ni nani, Mungu ambariki. Kisha wengine. Kisha upande wote wa Siafu ukalipuka, "Vua kofia! Vua! Vua!" na kofia iko mkononi mwangu tayari, wajinga wale, nivue nini tena? Nilikuwa sijatukanwa kiasi kile tangu ufe. Nilisimama nikapokea yote. Mama Berna aliniinulia mkono kutoka ng'ambo, kisha akakaa kwenye kiti chako, juu ya koti lako.

Mlitupiga bao moja bila. Penalti, mguu wa kushoto, Trésor. Haikuwa penalti. Nitasema hivyo mpaka wanizike. Sasa watu wa Kikula ndio wananigeuzia uso, wanasema nimevua kofia na nguvu ya Kabeya ikatoroka. Mama wa nyanya amenirudishia bei ya kawaida. Panda ndiko wananisalimia. Mji huu, ee Mungu wangu.

Usidhani upweke umekwisha. Baada ya mechi nilikwenda kwenye kona yetu, nikakaa, na nikajikuta nimeacha nafasi upande wako wa benchi kama kawaida. Pale ndipo liliponishika lile ambalo sikuwa nimelisema hata moyoni. Mimi nimekutukana, hata kama ni kwa kuchelewa. Lakini mtani wangu amekufa kabla yangu. Siku yangu ikifika, watu watakaa vichwa chini, kwaya itaimba, watasema alikuwa mtu mwema, na itakuwa nzito hivyo hivyo mpaka makaburini. Nani atanitukana mimi?

Trésor alikuja. Sikumwita. Alikaa kwenye nafasi yako bila kuuliza, akaagiza munkoyo, akaweka kopo mbele yangu. Alikaa muda mrefu anafuta vumbi kwenye viatu. Mwishowe akaniomba radhi kwa ile ya koti, na akasema Mama Berna amemweleza, lakini hakuelewa vizuri. Basi nikamweleza mimi. Nikamweleza baba yangu, mihogo, shati lako, mikono yenye udongo. Nilipofika pale ulipoanguka kwenye mihogo alicheka hadi akalala juu ya meza, akasema: "Papa Kabeya alifanya kama minye!" Nikamwambia ndiyo, ninyi wawili ni wajinga wa aina moja. Kisha nikamwambia lile la mwisho, la nani atanitukana.

Akafikiri. Akasema: "Papa, minye naweza kujaribu."

Nikamwambia anza sasa hivi. Akanitazama, akatazama chini, akanitazama tena. Jasho likamtoka, kijana yule ambaye hakutoka jasho mbele ya penalti. Akasema: "Papa Mwansa... uko muzee."

Nikasema ndiyo, endelea.

"Uko muzee... na tunakuheshimia sana."

Hafai kitu, Kabeya! Hafai kabisa. Umemfundisha kupiga mpira na hukumfundisha jambo la maana. Lakini anarudi. Amekuja kila jioni wiki hii akitoka mazoezini, anakaa nafasi yako, anajaribu. Yule wa redio amesikia, amesema labda Jumatatu ijayo aturudishie saa yetu tuone. Jana Trésor alifika hajanisalimia hata, akasimama mbele yangu kifua mbele, akasema kofia yangu inanuka kama shimo la Kamatanda alimofia panya. Kisha akaogopa, akaomba radhi. Nikamwambia akiomba radhi tena nitamfukuza.

Basi, mtani, nikuache upumzike, kama unajua kupumzika. Kuna kitu kimoja nakuahidi, nacho sitakivunja kama nilivyokatishwa kile cha kwanza: sitakufa kabla huyu kijana hajajua kutukana.

Lala ofsaidi, mwongo mkubwa.

Mtani wako,
Mwansa, kichwa wazi